Lucy Wills: Daktari aliyeisoma damu ya wajawazito

Wasomaji wangu, Idi iliyopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kutujulia hali. Ni muuguzi, na huu ni mwaka wake wa tatu katika kituo cha afya upande wa Lodwar, kaunti ya Turkana. Baada ya chakula, tukiwa barazani, alitusimulia habari ya mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane aliyetembea tangu alfajiri mpaka jua la mchana kufika kliniki. Alipomvuta kope la chini, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Tone la damu la kidole likaonyesha himoglobini ya 6, na mama mjamzito anatakiwa asipungue 11. Alhamdulillahi, gari lilipatikana, akafikishwa hospitali, akaongezwa damu, akajifungua salama. Lakini katika mfuko wake walikuta vidonge vya kuongeza damu alivyopewa miezi mitatu kabla, havijaguswa.

Mimi nikaruka haraka kulaumu. Nikasema watu wa bara kavu hawajaelewa bado. Mke wangu, aliyekuwa akimimina kahawa, akanitazama kidogo, kisha akasema kwamba himila ya kitinda mimba wetu vidonge vile vile alikuwa akivificha chini ya nguo katika kabati, kwa sababu vilikuwa vikimtia kichefuchefu na shoga yake alimwambia vitamfanya mtoto awe mkubwa ashindwe kumzaa. Miaka yote hiyo sikujua. Niliinamisha kichwa.

Usiku ule nikataka kujua ni nani aliyegundua kwanza kwamba kitu kidogo kama kile kinaweza kumwokoa mzazi. Nikakutana na jina la mwanamke wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1964, Daktari Lucy Wills. Wengine mtakumbuka kwamba mwezi Mei 2019 picha yake ilitokea kwenye ukurasa wa Google. Wengi tuliiona tukapita. Leo tusipite.

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 karibu na mji wa Birmingham, Uingereza, katika nyumba ya watu waliopenda elimu. Baba yake alisomea sayansi, na babu yake mzaa mama alikuwa daktari. Alisoma Cambridge, katika chuo cha wanawake cha Newnham, akajifunza elimu ya mimea na ya miamba, akamaliza mitihani yake mwaka 1911. Alifaulu, lakini shahada hakupewa, kwa kuwa wakati ule Cambridge ilikuwa ikiwafundisha wanawake na kuwatahini bila kuwapa shahada. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1948.

Miaka ile ilimwandama kwa misiba. Baba yake alifariki mwaka 1911, na miaka miwili baadaye akafariki dada yake mkubwa. Mwaka 1914 alisafiri kwenda Afrika Kusini pamoja na kaka yake. Vita vya kwanza vya dunia vikamkuta huko. Kaka akajiunga na jeshi, na yeye akajitolea kwa wiki kadhaa kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Cape Town. Aliporudi kwao mwishoni mwa mwaka alikuwa ameshaamua. Mwanzoni mwa 1915 akajiandikisha katika chuo cha udaktari cha wanawake cha London, kilichoambatana na hospitali ya Royal Free. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32, akawa daktari.

Hakufungua chumba cha kutibia kama wenzake wengi. Alipenda maabara. Alibaki Royal Free akifundisha na kuchunguza yanayotokea katika mwili wa mama wakati wa mimba. Mume hakuwa naye, wala watoto. Alikuwa mtu wa kujitegemea, mwenye maneno machache na asiyependa makuu, na kazini alikwenda kwa baiskeli wakati madaktari wakubwa walikwenda kwa magari.

Mwaka 1928 akaitwa India. Daktari mwenzake, Margaret Balfour, aliyefanya kazi ya tiba huko kwa miaka mingi, alikuwa katika uchunguzi wa sababu za vifo vya wazazi, na akamwomba aje Bombay. Mji huo si mgeni kwetu. Majahazi ya mababu zetu yalikuwa yakienda na kurudi Bombay kwa msimu, na mpaka leo Mombasa, Lamu na Unguja zina koo zenye jamaa huko. Lucy Wills akapewa nafasi katika taasisi ya Haffkine, akaanza kazi.

Tatizo lilikuwa hili. Wanawake wajawazito wa Bombay, hasa wale wa viwanda vya nguo na wa mitaa ya mafukara, walikuwa wakiishiwa damu namna ya kutisha. Mama anaanza kuchoka, anapumua kwa shida, miguu inavimba, na wengi walikufa kabla ya kujifungua au mara tu baada yake. Wengine walizaa watoto njiti. Madaktari waliyajua hayo. Hawakujua sababu yake.

Daktari Wills aliiweka damu ya wanawake wale chini ya darubini. Hapa inafaa tuelewe kidogo, kwa maana ndiyo siri yenyewe. Mtu akikosa madini ya chuma, chembe nyekundu za damu yake huwa ndogo na zilizopauka. Lakini chembe za wanawake wengi wa Bombay zilikuwa kubwa kuliko kawaida, hazikukomaa, na zilikuwa chache. Kwa hiyo haukuwa ule upungufu wa kawaida. Kiasi cha damu kinakwambia kwamba mama yuko hatarini. Umbo la chembe linakwambia kwa nini.

Akaenda mbele zaidi. Badala ya kutafuta kijidudu peke yake, aliuliza maswali ambayo hata kungwi wetu angeuliza: huyu mama anakula nini, na nani hakosi damu? Akalinganisha matabaka na jamii mbalimbali za mji ule. Akaona kwamba waliokuwa wakiumwa zaidi ni wanawake maskini wa Kiislamu, waliokaa nyuma ya pazia katika vyumba vya msongamano, na chakula chao kilikuwa hafifu kuliko cha wote. Wali mweupe au mkate, mafuta kidogo, na mboga na matunda kwa nadra. Wanawake wenye uwezo, hata wakiwa wa dini na mji ule ule, hawakuumwa hivyo. Kwa hiyo haikuwa dini wala kabila. Ilikuwa sahani.

Nalisisitiza hili kwa sababu zama zile wakoloni wengi walikuwa na jibu jepesi: watu wa nchi za joto ni dhaifu kwa maumbile yao, au ni wachafu. Huyu mama hakukubali jibu jepesi. Alifanya kazi pia katika mji wa Coonoor, kwenye milima ya kusini, na Madras katika hospitali iliyowekwa kwa ajili ya wanawake wa kukaa pazia, ambao wasingekubali kuonwa na daktari mwanamume. Kuwa kwake mwanamke kulimfungulia milango ambayo wengine wasingeingia.

Kisha akajaribu. Aliwalisha panya chakula kile kile cha wanawake wa Bombay, nao wakaishiwa damu. Baadaye ilionekana kwamba huenda chawa wa panya nao walichangia, na wengine wangekata tamaa. Yeye akahamia kwa nyani wadogo. Nao wakaishiwa damu kwa chakula hicho. Akajaribu vitamini zilizojulikana wakati ule, moja baada ya moja, bila mafanikio. Ndipo akampa nyani mmoja Marmite, ule uji mzito mweusi unaotengenezwa kwa hamira ya viwanda vya pombe, ambao Waingereza huupaka kwenye mkate. Ulikuwa wa bei nafuu. Nyani akapona.

Akawapa wajawazito. Wakapona nao, na kwa haraka kiasi cha kuwashangaza waliokuwa wakiwauguza. Mama aliyekuwa amelala hawezi kuinua kichwa, baada ya siku chache anaomba chakula. Mwaka 1931 akachapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alieleza kwamba ndani ya hamira, na ndani ya ini pia, mna kitu kinachotibu ugonjwa huu, ingawa hakujua ni kitu gani. Kwa miaka kumi dunia ikakiita kitu hicho kwa jina lake, yaani kigezo cha Wills.

Wakati huo tayari ilikuwa inajulikana kwamba ini hutibu aina nyingine kali ya upungufu wa damu, na Wamarekani watatu walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo mwaka 1934. Wengi wakadhani ni dawa ile ile. Lucy Wills akaonyesha kwamba sivyo. Ini likisafishwa sana, linabaki kutibu ugonjwa ule wa Wamarekani lakini haliwatibu wajawazito wake. Maana yake ni kwamba viko vitu viwili, na kimoja kinapotea katika kusafishwa. Wakati umempa haki. Mwaka 1941 watafiti wa Texas walichuja tani nne za spinachi wakakipata kitu chenyewe, wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kufikia mwaka 1945 kilikuwa kikitengenezwa kiwandani. Kile alichokitafuta Bombay kilikuwa ndani ya majani ya kijani muda wote.

Tuzo kubwa hakupata. Aliendelea na kazi Royal Free hata hospitali ilipopigwa bomu mwezi Julai 1944. Alistaafu 1947, na kustaafu kwake hakukuwa kukaa. Alisafiri Jamaica, Fiji na tena Afrika Kusini, akichunguza chakula na damu za watu. Miaka yake ya mwisho alikuwa diwani wa chama cha Labour huko Chelsea, London. Alifariki tarehe 16 Aprili 1964, akiwa na miaka 75.

Baada yake kazi iliendelea. Mwaka 1991 majaribio yaliyosimamiwa na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, katika nchi kadhaa, yalithibitisha kwamba asidi ya foliki ikinywewa kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo inazuia sehemu kubwa ya watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana himila. Na hapa pwani familia nyingi zenye mgonjwa wa selimundu zinakijua vizuri kile kidonge kidogo cha njano cha foliki kinachonywewa kila siku. Ni dawa iliyotokana na kazi ya mwanamke huyu.

Sasa turudi Turkana. Lodwar na Kakuma zimetengana kwa kiasi cha kilomita 120, na kutoka Mombasa mpaka Kakuma ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtu anaweza kusema huko ni mbali, hakutuhusu. Lakini madereva wetu wanaijua njia ile, maana nafaka ya msaada inayoliwa Kakuma nyingi hushushwa Kilindini. Na kambi zilizokuwa Mombasa, kama vile Utange, zilipofungwa katika miaka ya 1990, baadhi ya wakimbizi waliokuwa majirani zetu, wakiwemo watu wa Barawa na Banadir waliokuwa wakiswali nasi, walipelekwa huko huko Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na imekuwa ikipokea watu wa mataifa mengi tangu hapo.

Mpwa wangu anasema hali ya chakula cha kule ingemfanya Daktari Wills atikise kichwa. Mvua ni haba, mboga za majani ni ghali au hazipo. Wafugaji wanategemea mbuzi, na maziwa ya mbuzi, pamoja na uzuri wake wote, yana foliki kidogo sana. Mkimbizi naye anategemea nafaka, kunde na mafuta ya mgao, na mgao huo umekatwa mara kadhaa miaka ya karibuni kwa ukosefu wa fedha. Mama anapopunguziwa chakula, kwa desturi ya mama yeyote, huwapa watoto kwanza. Ongeza malaria, inayovunja chembe za damu, na minyoo inayonyonya damu. Ongeza mimba zinazofuatana bila mwili kupumzika. Sahani ya Bombay ya mwaka 1928 imehamia Turkana.

Na hatari yake ni ile ile. Mwenye upungufu wa damu mkali, yaani chini ya 7, moyo wake unaweza kushindwa kazi. Mtoto anaweza kuja kabla ya wakati au na uzito mdogo. Na kubwa kuliko yote ni kutoka damu baada ya kuzaa. Mama mwenye damu ya kutosha akipoteza kiasi fulani ataumwa lakini ataishi. Mama aliyeingia leba na 6, kiasi hicho hicho kinamuua, hasa akiwa mbali na hospitali yenye damu ya kuongezea.

Leo katika hospitali za nchi tajiri kuna vipimo vya damu vinavyopima protini za kondo la nyuma ili kubashiri kifafa cha mimba kabla hakijaja. Ni jambo jema na Inshallah yatatufikia. Lakini kipimo cha kwanza, cha tone moja la kidole, kinapatikana Lodwar, Kakuma na hapa kwetu, na ndicho kinachookoa wengi. Kinahitaji mama afike mapema, si mwezi wa nane. Na kidonge kinachotolewa kliniki, chenye miligramu 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za foliki, kinahitaji kunywewa, si kuhifadhiwa.

Nasi tusijione bora. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wajawazito wapatao wanne katika kila kumi nchini Kenya walikuwa na upungufu wa damu. Wako Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu kama walivyo Turkana. Binti zetu wanaotafuna udongo na mchele mbichi wakiwa na himila, tunacheka tukisema ni uchu wa mimba, kumbe mara nyingi ni damu inayolia. Mchicha, majani ya kunde na mnavu viko sokoni, lakini tunavichemsha mpaka foliki yote inaishia kwenye maji tunayoyamwaga. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe chuma na foliki, lakini mwenye kusaga mahindi yake kwenye kinu cha mtaa hapati faida hiyo.

Wanaume wenzangu, neno la mwisho ni letu. Daktari Wills alivuka bahari kwenda kuwauliza wanawake masikini wa Kiislamu wanakula nini. Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na wangu na sikumuuliza kwa nini vidonge haviishi. Ikiwa kichefuchefu ndicho kinachomkera, avinywe usiku baada ya chakula, na amwambie muuguzi. Ikiwa ni hofu ya mtoto mkubwa, aelezwe kwamba kidonge kinaongeza damu ya mama, nayo ndiyo itakayomvusha siku ya uchungu. Ukimpeleka kliniki, usibaki nje ukitazama simu. Ingia, uliza namba yake ni ngapi, uikumbuke kama unavyokumbuka siku ya kulipa kodi ya nyumba.

Mpwa wangu amerudi Lodwar. Kabla ya kuondoka alikwenda sokoni Kongowea akanunua mbegu za mchicha na kunde, akatia pakiti kumi katika mkoba wake. Anasema nyuma ya kituo chao kuna bomba linalovuja, na anataka kuona kama maji yale yanaweza kuotesha kitu. Mwenyezi Mungu amjaalie.